Shimano CUES: seti ya gia iliyoacha kushindania wingi wa sproketi

Baiskeli nyingi mpya za bei ya kati, za mjini na za njia za vumbi, siku hizi zinakuja na kibadilisha gia cha nyuma chenye maandishi ya CUES. Shimano, kampuni ya Kijapani ya vipuri vya baiskeli, waliitoa seti hii mwaka 2023 ichukue nafasi ya seti zao za zamani: Altus, Acera, Alivio na sehemu ya Deore. Mwaka 2025 wakaongeza toleo la usukani wa kupinda, la baiskeli za barabarani, na hapo Claris, Sora na Tiagra zikawa zimepata mrithi.

Kwa anayeendesha kila siku kwenye vumbi, matope na lami iliyochimbika, hii ndiyo seti yenye maana kuliko zote za bei yake. Kwa anayepima baiskeli kwenye mizani kabla ya mashindano, haimfai. Ni nzito, na haioni haya.

Uzito huo una sababu, na sababu yenyewe ni historia. Kwa zaidi ya miaka 40 watengenezaji wamekuwa wakifanya jambo moja: kuongeza sproketi, yale magurudumu ya meno yanayobeba cheni, upande wa nyuma. Dura-Ace, seti ya Shimano ya mashindano ya barabarani, ilitoka 1973, Deore XT ya milimani ikafuata 1982. Mwaka 1984 Dura-Ace ya sproketi 6 ikaleta gia za kubofya, kila mbofyo gia yake, na mwendeshaji hakuhitaji tena kuitafuta gia kwa sikio. Mwaka 1990 swichi za gia zikahamia kwenye mikono ya breki, na Campagnolo, kampuni ya Vicenza, Italia, wakajibu kwa Ergopower mwaka 1992. Sproketi zikawa 8, kisha 9, 10, 11, na leo 12, hata 13.

Nafasi ya kuzipanga kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, haikuongezeka kwa kasi hiyo. Kwa hiyo kila kitu kilikonda. Cheni ya gia 8 ina upana wa nje wa takribani milimita 7.1; ya gia 9 ni 6.6, ya gia 10 ni 5.9, ya gia 11 ni kama 5.5. Meno ya sproketi nayo yalipungua unene, kutoka takribani milimita 1.8 hadi 1.6. Chuma chembamba kinaposagwa na mchanga huisha upesi, na kadiri sproketi zinavyokaribiana ndivyo waya ukilegea kidogo tu gia zinaanza kupiga kelele.

Milimani kulitokea mapinduzi mengine. Mwaka 2012 SRAM, kampuni ya Chicago, walitoa XX1: sproketi moja mbele, 11 nyuma, ya mwisho ikiwa na meno 42. Kibadilisha gia cha mbele kikatupwa pamoja na waya wake na shifta yake, ile swichi ya gia kwenye usukani. Mwaka 2016 wakaja na Eagle, sproketi 12, meno 10 hadi 50. Shimano wakajibu 2018 kwa XTR ya meno 10 hadi 51, na miaka miwili baadaye mpangilio huohuo ukashuka hadi Deore M6100. Barabarani mkondo ulikuwa wa umeme: Di2 ya Shimano mwaka 2009, SRAM wakatoa isiyo na waya kabisa 2015, na Dura-Ace ya 2021 haikutoka tena na toleo la waya. Ndizo gia zilizotawala Kigali kwenye mashindano ya dunia ya barabarani Septemba 2025. Ni nzuri mno, lakini tuziache kwa wenye fundi wao nyuma kwenye gari.

Kilichowaumiza zaidi mafundi ni kutoingiliana kwa vipuri. Gia 7, 8 na 9 za Shimano, za milimani na za barabarani, zilivuta waya kwa uwiano uleule, yaani waya ukivutwa kiasi fulani, kibadilisha gia kilisogea umbali uleule. Shifta ya Sora ya gia 9 iliendesha kibadilisha gia cha Deore cha gia 9 bila ubishi. Gia 10 za milimani zikabadili uwiano. Gia 10 za barabarani zikabaki na ule wa zamani. Kisha gia 11 za barabarani zikaja na uwiano wa tatu, na Tiagra 4700, ambayo ni ya gia 10, ikafuata huo wa gia 11. Ndiyo maana unaweza kununua shifta ya gia 10 na kibadilisha gia cha gia 10, vyote vya Shimano, vyote vipya, na visifanye kazi pamoja. Dalili yake hujulikana haraka: gia ndogo mbili tatu zinakaa sawa, zikifika katikati ya kaseti, lile fungu la sproketi za nyuma, zinapotea kabisa, na kukaza waya hakusaidii.

CUES inajibu tatizo hilo moja kwa moja. Kaseti za gia 9, 10 na 11 zina nafasi moja kati ya sproketi na sproketi, uwiano mmoja wa kuvuta waya, na cheni ya aina moja, yenye upana wa gia 11. Kibadilisha gia cha U6000, toleo la kati, kinakubali gia 10 na 11. Idadi inaamuliwa na shifta na kaseti. Ukianza na 10 na baadaye ukataka 11, unabadilisha vitu viwili, si vyote. Kwa duka dogo maana yake ni boksi moja la cheni badala ya matatu.

Hapo hapo kuna mtego. Mtu mwenye CUES ya gia 9 (U4000) akienda kununua cheni atasema "ya gia 9", na muuzaji atampa cheni ya kawaida ya gia 9, ile ya milimita 6.6. Ni pana mno kwa kaseti hii. Itakwaruza sproketi ya jirani na gia zitarukaruka hata kila kitu kikiwa kipya. Omba cheni ya gia 11, CN-LG500 au nyingine ya Shimano ya upana huo, pamoja na pingili ya kufungia ya gia 11.

Uimara wenyewe unatokana na meno ya LinkGlide, ambayo Shimano waliyaonyesha kwanza 2021 kwenye matoleo ya Deore na Deore XT. Ukiiweka kaseti hii kando ya Hyperglide, kaseti ya kawaida ya Shimano, tofauti inaonekana kwa macho: jino ni refu zaidi, na shina lake ni nene. Mikato ya kupandishia cheni imechongwa ili cheni ihame taratibu badala ya kurukia. Shimano wanadai inadumu mara 3 ya Hyperglide. Hilo ni dai la mtengenezaji, lakini umbo la jino linaliunga mkono. Gharama yake unaisikia mguuni: ukibofya, cheni inachukua muda kidogo kuhama, hasa kwenda sproketi ndogo. Aliyezoea mlio wa "tak" wa seti za juu ataiona kama mzee. Faida ni kwamba inahama bila kishindo hata ukiwa umekandamiza pedali kwenye mlima, jambo linalovunja cheni za watu wengi.

Kuna matoleo matatu ya kuangalia. U4000 ni ya gia 9, kaseti hadi meno 46, haina klachi, ile breki ndogo ya kibadilisha gia inayozuia cheni kuchapachapa. Inafaa mjini, lakini pengo kati ya gia na gia ni kubwa na kwenye mwendo mrefu wa tambarare utakuwa unatafuta gia ya katikati isiyokuwepo. U6000 ya sproketi moja mbele ina klachi, na kaseti ya meno 11 hadi 48 kwa gia 10, au 11 hadi 50 kwa gia 11. U8000 ni ya gia 11 na imenakshiwa vizuri zaidi. Hela ya ziada ni ya sura na uzito kidogo kuliko utendaji. Chukua U6000. Chini ya hizo kuna Essa ya gia 8, lakini hiyo inatumia cheni ya gia 8 na haiingiliani na ndugu zake, kwa hiyo usidanganywe na kufanana kwa sura.

Kuhusu mwendo: ukiwa na sproketi ya mbele ya meno 32 na tairi la inchi 29, gia ndogo ya meno 11 kwa mizunguko 90 ya pedali kwa dakika inakupa takribani kilomita 36 kwa saa. Deore M6100 yenye meno 10 ingekupa karibu 40. Upande wa pili, meno 50 kwa mizunguko 60 ni kilomita 5 na ushei kwa saa, mwendo wa kupanda kilima kikali ukiwa bado umekaa. Kama njia zako ni lami tupu, weka meno 36 mbele, au chukua toleo la sproketi mbili mbele.

Jambo linaloipa CUES ushindi kwa wenye baiskeli za mitumba ni habu. Deore M6100 inataka frihabu, ile sehemu ya habu inayobeba kaseti, ya aina ya Micro Spline, ambayo gurudumu la zamani halina. Kaseti ya LinkGlide inaingia kwenye frihabu ya kawaida ya Hyperglide, ile iliyokuwa ikibeba gia 8, 9 au 10. Hakikisha kwanza kwamba gurudumu lako lina kaseti, si friwili ya kufungwa kwa nyuzi. Zungusha sproketi kinyumenyume huku ukitazama sehemu ya katikati inayoingia kifunguo: ikizunguka pamoja na sproketi, ni kaseti, ikisimama, ni friwili, na CUES haitaingia mpaka ubadilishe habu au gurudumu zima.

Kufunga si kazi ngumu ukifuata mpangilio. Kabla ya yote, nyoosha hanga, kile kipande cha fremu kinachoshika kibadilisha gia. Baiskeli ikianguka upande wa kulia hupinda, na kwa kaseti ya meno 50 mpindo mdogo unatosha kuvuruga gia zote. Mafundi wengi hukimbilia kukaza waya wakati tatizo liko hapa. Pangusa nyuzi, tia grisi kidogo, funga kibadilisha gia kwa 8 hadi 10 Nm (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Kaseti ikazwe kwa 40 Nm. Ikilegea utasikia mlio wa kukwaruza unapopanda na utadhani ni beringi.

Cheni ipimwe kwa kuizungusha sproketi ya mbele na ile kubwa kabisa ya nyuma bila kuipitisha kwenye kibadilisha gia, kisha uongeze pingili kwa idadi iliyoandikwa kwenye mwongozo wa kibadilisha gia chako. Kwa fremu yenye shoku la nyuma, pima shoku likiwa mahali panaponyoosha cheni kuliko popote. Cheni fupi hapa haina msamaha: ukiingiza gia kubwa inang'oa kibadilisha gia na hanga yake.

Weka klachi kwenye OFF. Kabla ya kufunga waya, tumia skrubu za kibadilisha gia zenye herufi: skrubu ya H ipange kigurudumu cha juu chini ya sproketi ndogo. Sukuma kibadilisha gia kwa mkono hadi sproketi kubwa, skrubu ya L ikizuie kisiingie kwenye spoku. Kisha skrubu ya B, inayopanga umbali kati ya kigurudumu na sproketi, ukiwa kwenye sproketi kubwa: kigurudumu kikigusa meno, cheni inanguruma, kikiwa mbali, gia ndogo zinachelewa. Sasa funga waya kwa 6 hadi 7 Nm, shifta ikiwa kwenye nafasi ya sproketi ndogo kabisa. Cheni ikisita kupanda sproketi kubwa, waya umelegea. Zungusha nati ya kurekebishia kinyume cha saa, robo mzunguko kwa mara moja. Ikisita kushuka hata baada ya kulegeza, usihangaike tena na nati. Ganda la waya limeingia vumbi au limekatwa vibaya. Badilisha ganda na waya vyote viwili. Mwisho rudisha klachi ON, na ikumbuke siku ya kutoa gurudumu, maana ikiwa ON utapambana na cheni bure.

Mshindani wa kweli ni Advent X ya Microshift: gia 10, meno 11 hadi 48, ina klachi na inaingia kwenye frihabu hiyohiyo ya kawaida. Ni nyepesi kidogo na inabofya kwa haraka zaidi, ila shifta na kibadilisha gia lazima vitoke kwao. SX Eagle ya SRAM nayo inaingia kwenye frihabu ya kawaida, meno 11 hadi 50 kwa gia 12, lakini inataka skrubu ya B iwe sawa kabisa na hanga iwe imenyooka kabisa. Kwa barabara mbovu hiyo ni kazi ya kila mara.

Meno manene hayakuondolei kazi ya kupima cheni. Chukua rula ya inchi, weka sifuri katikati ya pini moja, uhesabu pini 24 mbele: ikiwa mpya inaangukia inchi 12 kamili. Ikivuka kwa 1/16 ya inchi, cheni imerefuka kwa asilimia 0.5 na muda wake umekwisha. Ukiiacha ifike 1/8, itakuwa imekula sproketi unazotumia sana, kwa kawaida zile za katikati, na cheni mpya utakayoweka itaruka kwenye gia hizohizo kila utakapokandamiza.