Chati ya wanyama ya ukutani: picha safi sana ila kwa papa wamekosea

Nimeinunua wiki mbili zilizopita Kariakoo kwa muuza vitabu wa barabarani, elfu sita, mwanangu yuko darasa la sita na makundi ya wanyama yalikuwa yanamsumbua. Picha zimetulia mno, imepigwa laminesheni unafuta tu na kitambaa, halafu wameweka wanyama wa kwetu, pweza, jongoo bahari, tandu, kenge, sio kila siku dubu ambaye mtoto hajawahi kumuona.

Sasa shida. Papa wamemtupa kwa wasio na uti wa mgongo, eti hana mifupa. Jamani! Mfupa kweli hana, ana gegedu, kama ile ya kwenye sikio lako, lakini uti anao. Jumamosi nikaenda na mtoto soko la samaki la Feri tukanunua papa mdogo, nikampasua jikoni, pingili hizo zimepangana kama shanga toka kichwani mpaka mkiani na kisu kinapita bila shida. Mtoto kashika mwenyewe akaniambia mama mbona uti huu hapa.

Halafu wameandika kodata ndio wenye uti wa mgongo, kama vile ni kitu kimoja. Hapana, kodata ni kundi kubwa zaidi, linalotakiwa ni notokodi, yaani kijiti kinachonyumbulika kinapita mgongoni, hata kama ni wakati wa uchanga tu, sisi wenyewe tulikuwa nayo tumboni mwa mama zetu kabla pingili hazijachukua nafasi yake. Yale madude laini kama vifuko yanayoganda kwenye nguzo za gati, ukiyaminya yanarusha maji, watoto wake wanaogelea kama viluwiluwi na notokodi wanayo mkiani, wakishajishikiza kwenye jiwe mkia unaishia mwilini humohumo. Kodata kabisa hao na uti hawana! Kowalevsky, mwanasayansi Mrusi, alishalionyesha hilo toka 1866, na ni mstari mmoja tu ungetosha kuliandika.

Na wasio na uti ni zaidi ya asilimia 95 ya aina zote za wanyama ila wamepewa kona tu, wadudu wote picha nne.

Mimi nimemkata papa na mkasi nikambandika kwa samaki, ukinunua fanya hivyohivyo. Nyota 3 kati ya 5, wakirekebisha nanunua nyingine nipeleke shuleni kwao.