TAHADHARI: Muuzaji wa lenzi za zamani anayewaliza wapiga picha Amu na Malindi

Assalaam alaykum ndugu zangu. Kuna mtu anauza lenzi za zamani, zile za kufokasi kwa mkono, na anaowalenga zaidi ni vijana wanaoanza kazi ya picha hapa Amu (mji wa Lamu), Shela na Malindi. Ukiona tangazo la Helios 44-2, Jupiter-9 au Nikkor 105mm kwa bei poa, limeandikwa "safi kabisa, ilikuwa ya mzungu wa Shela aliyehama", na mwenyewe anataka pesa yote kwa M-Pesa kabla hujaishika, usitume kitu. Jina simtaji, kwa sababu analotumia kwenye tangazo si lile linalotokea kwenye M-Pesa, na laini anabadilisha kila mara. Mjue kwa kazi yake.

Kijana mmoja wa mtaa wa Langoni hapa Amu aliniletea Helios yake ikiwa bado ndani ya kifurushi, tukakifungua pamoja. Kwenye picha za tangazo, namba ya lenzi inaanza na 78 na kando yake kuna alama ya kiwanda cha Krasnogorsk, ile prizma yenye mshale. Iliyotoka kwenye kifurushi inaanza na 83 na alama ni ya kiwanda kingine. Helios 44-2 zilitengenezwa Krasnogorsk, Valdai na Minsk, kwa hiyo tofauti ya kiwanda peke yake si kasoro. Kasoro ni kwamba hii si lenzi aliyoonyeshwa. Zile picha muuzaji amezichukua kwa watu wengine.

Nikawasha tochi ya simu nikaimulika kutoka nyuma, apacha, yaani tundu la kupitishia mwanga, ikiwa wazi kabisa. Kioo cha mbele kilikuwa kimepanguswa hadi kinameta. Lakini kioo cha ndani kina nyuzi nyeupe, nyembamba, zimeanzia ukingoni na kutambaa kuelekea katikati, kila uzi umezaa matawi yake. Kuvu hiyo. Na vichwa vya skrubu vimelika, maana yake kuna mtu aliifungua kwa bisibisi isiyolingana, akashindwa kuisafisha, akaifunga tena na kuiuza.

Muuzaji alipopigiwa simu alijibu hivi: "Lenzi za zamani ndivyo zilivyo. Huo ukungu ndio unaoleta ile ladha yake." Jibu hilo limenikera kuliko pesa zenyewe. Watu wanazipenda lenzi hizi kwa sababu za kweli, naye amegeuza mapenzi hayo kuwa mtego.

Ladha ya lenzi hizi inajulikana inakotoka. Helios 44 ilifuata muundo wa Biotar 58mm ya Carl Zeiss Jena. Ifungue hadi f/2 (namba ya f ikiwa ndogo, apacha iko wazi zaidi), msimamishe mtu karibu na majani ya mti yawe mbali nyuma yake, utaona majani yanazunguka uso. Kinacholeta hilo ni namna vioo vilivyopangwa, na namna ukingo wa lenzi unavyoukata mwanga unaoingia kwa pembeni. Jupiter-9 ya 85mm inatokana na Sonnar ya Zeiss na ina vibamba 15 vya apacha, ndiyo sababu taa za nyuma zinabaki duara hata ukiifunga kidogo. Nikkor 105mm f/2.5 ndiyo Steve McCurry aliyompigia picha yule msichana wa Kiafghani mwaka 1984, ikatoka kwenye jalada la National Geographic la Juni 1985. Vioo safi ndivyo vinavyofanya kazi hiyo. Kuvu haina sehemu yoyote ndani yake.

Inachofanya kuvu ni kuutawanya mwanga. Jua likiwa mbele yako kidogo tu, picha nzima inakuwa na weupe wa maziwa, weusi haukolei, na buibui la bibi harusi linatoka rangi ya majivu. Ikikaa muda mrefu inakula ule utando wa rangi uliopakwa juu ya kioo, na hapo hata fundi akiifuta, alama zinabaki. Na kwa unyevu wetu wa baharini, ile iliyobaki hai inaendelea kukua.

Najua kwa nini vijana wanazitafuta, na wana haki. Lenzi inayokuja na kamera, ile ya 18-55mm, ukiivuta hadi mwisho inafika f/5.6. Helios kwa f/2 inapitisha mwanga mara 8 ya huo. Kwenye vichochoro vya Mkomani, ambako jua linaingia kwa mstari mwembamba tu, au ndani ya ukumbi wa harusi wenye taa hafifu, hiyo ndiyo tofauti kati ya uso uliotulia na uso uliotikisika. Tena mzee aliyeketi barazani hakimbii. Una nafasi ya kuizungusha pete taratibu mpaka kope ziwe kali, na yeye anapata nafasi ya kukuzoea. Mimi hadi leo picha za wazee napiga kwa lenzi za mkono, na sitaki mtu azichukie kwa sababu ya tapeli.

Ujanja wake wa pili ni wa adapta. Dada mmoja wa Malindi anayepiga picha za harusi ana Nikon. Aliuziwa Helios na adapta, yaani pete ya kuiunganisha na kamera, akaambiwa inaingia kamera zote. Inaingia kweli, inazungushwa ikakaza. Shida ni umbali: lenzi ya skrubu ya aina ya M42, kama hiyo Helios, inataka kukaa milimita 45.46 kutoka kwenye sensa (kile kibamba kinachonasa picha ndani ya kamera), na mdomo wa Nikon, pale lenzi inapokaa, tayari uko milimita 46.5. Kwa hiyo mtu wa karibu ataonekana vizuri, lakini kitu cha mbali hakifokasi hata ufanye nini, isipokuwa adapta iwe na kioo cha kurekebisha, na vioo vya adapta za bei rahisi vinaharibu picha. Mwenye Canon EOS hana shida hiyo kwa sababu mdomo wake uko milimita 44, wala mwenye kamera mpya zisizo na kioo cha ndani (mirrorless). Muuzaji aliulizwa waziwazi kuhusu Nikon akasema hakuna tatizo.

Ukitaka kununua kwa mtu yeyote, mwombe video fupi, si picha: namba ya lenzi ionekane na kando yake kikaratasi chenye jina lako na tarehe ya leo. Huyu wetu akiombwa hivyo anakasirika, au anasema kuna mteja mwingine anaingoja. Mwache amuuzie huyo mwingine. Helios za aina hii zilitengenezwa kwa mamilioni, hakuna "ya mwisho Pwani nzima". Mkutane mchana, mahali penye watu, na kamera yako mkononi. Mulika tochi kutoka mbele na kutoka nyuma. Zungusha pete ya fokasi mwanzo hadi mwisho. Ikikwama au ikicheza, grisi imekauka au imefunguliwa vibaya. Kwa Nikkor angalia pia vibamba vya apacha, kwani mafuta yakivishika havifungi kwa wakati na picha inaungua kwa mwanga mwingi. Halafu simama ufukoni uelekeze lenzi ng'ambo ya Manda: miti ya kule ikikataa kuwa kali, rudisha.

Ambaye ameshatuma pesa asifute mazungumzo. Weka ujumbe wa M-Pesa, namba aliyotumia, picha za tangazo na hata karatasi ya kifurushi iliyopigwa muhuri wa basi, uende navyo kituo cha polisi upewe namba ya OB (kitabu cha matukio). Wakienda walioumizwa kadhaa wakiwa na ushahidi unaofanana, kesi inasimama vizuri zaidi kuliko mmoja mmoja. Na kama lenzi yake iko kwako na hujui hali yake, iweke kwenye kopo lenye kifuniko kinachobana pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu, mbali na lenzi zako nyingine, kisha uniletee niimulike. Sitozi.