Mazoezi ya mbio za nyikani: kivyako au na timu?

Mbio za nyikani ninazosema hapa ni zile za kukimbia, kupanda baiskeli na kupiga makasia, mkitafuta njia kwa ramani na dira, hata usiku. Kufanya mazoezi yake kivyako ni rahisi kupanga: unakimbia alfajiri, unapanda baiskeli ukipata nafasi, humsubiri mtu. Pumzi inajengeka vizuri tu.

Lakini mbio za timu ya watu wanne huhesabu muda wa yule anayefika mwisho. Mkifanya mazoezi pamoja mnajua nani huishiwa nguvu mlimani, nani apunguziwe mzigo, na nani ashike ramani na dira usiku wa manane, wote mkiwa na usingizi na hasira (hasira zitakuwepo, msijidanganye). Kupiga makasia kwa mpigo mmoja kwenye kayaki ya wawili nako hujifunzi peke yako.

Mimi ningekimbia peke yangu katikati ya wiki, wikendi niwaachie wenzangu.