Hakuuliza kama ni dume: uzoefu wangu na ushauri wa daktari wa mifugo kwa simu

Nimetumia huduma ya ushauri wa daktari wa mifugo kwa njia ya simu kwa zaidi ya mwaka, na kama mtu angeniuliza maoni yangu kabla ya usiku ninaotaka kuueleza hapa, ningemwambia ajiunge bila kusita. Nilisubiri wiki kadhaa kabla ya kuandika, nikitumaini kwamba hasira ingepoa na ningeandika kwa utulivu. Haijapoa.

Paka wangu anaitwa Doa. Ni dume aliyehasiwa, ana umri wa miaka minne hivi, amenenepa kidogo, na siku nyingi hushinda ndani. Siku hiyo, kuanzia alasiri, nilimwona akiingia kwenye sanduku lake la mchanga, akichutama, akikaza mgongo, akibaki hivyo kwa muda mrefu kuliko kawaida, kisha akitoka bila kuacha kitu. Baada ya dakika chache alirudi tena. Kila alipotoka alijilamba sehemu za chini bila kukoma, na ilipofika jioni akaanza kutoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti nzito inayotoka kifuani, tofauti kabisa na ile anayoitoa akiwa na njaa. Nilichukua koleo lake dogo nikachimbua mchanga wote, kona kwa kona. Ulikuwa mkavu, isipokuwa bonge moja lililoganda, dogo kama kifungo cha shati.

Saa nne usiku nilipiga simu. Nilieleza kwa maneno ambayo nayakumbuka neno kwa neno, kwa sababu baadaye yaligeuzwa kuwa silaha dhidi yangu: "Samahani, daktari, paka wangu anahangaika tangu mchana, hapati choo." Aliyepokea aliniuliza alikula nini, nikamjibu. Aliniuliza kama amewahi kupewa dawa ya minyoo, nikamjibu. Kisha akahitimisha: "Dada yangu, huyo amefunga choo tu." Akanielekeza nimnyweshe kijiko cha mafuta, nimwekee maji karibu, nisubiri hadi asubuhi. Nilipomwambia kwamba paka analia na kwamba naogopa, sauti yake ilibadilika. "Dada, paka hafi kwa kukosa choo siku moja. Kuna watu wenye wagonjwa mahututi wanasubiri kwenye laini." Simu ikakatika, au aliikata, hadi leo nashindwa kuamini kwamba ilikatika yenyewe.

Nilifanya kama nilivyoelekezwa. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Nilimfunga Doa kwa taulo, nikamfungua mdomo, nikamimina mafuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano, naye akapaliwa, akakohoa kwa nguvu, na sehemu kubwa ya yale mafuta ikamwagikia kifuani pake na mikononi mwangu. Baadaye nilielezwa kwamba kumnywesha paka mafuta kwa nguvu ni hatari, kwa kuwa yanaweza kuingia kwenye njia ya hewa na kusababisha nimonia. Kwa hiyo, hata kama tatizo lingekuwa lile alilolitaja, ushauri wenyewe ulikuwa na hatari yake, na hakunitahadharisha hata kidogo.

Kulipopambazuka Doa hakuwa tena anaingia kwenye sanduku. Alikuwa amelala ubavu nyuma ya mlango, ametapika mara mbili, na nilipomwita aligeuza sikio tu. Nilipiga simu tena kwa namba ileile, kwa sababu sikuwa na namba nyingine kichwani. Safari hii alipokea mama mmoja mwenye sauti ya upole. Nilianza kumweleza kuhusu mafuta, akanikatiza kwa adabu: "Samahani, mama, kwanza niambie, ni dume au jike?" Nikasema dume. "Na ni haja ipi anayoshindwa, ndogo au kubwa?" Nikanyamaza, kwa maana sikuwahi kulitazama jambo hilo kwa namna hiyo. Akaniambia niweke kiganja chini ya tumbo, karibu na miguu ya nyuma, niguse taratibu bila kuminya. Nilikuta kitu cha mviringo, kikubwa kama mpira wa tenisi, kigumu. Akasema: "Usimpe kitu chochote. Mchukue sasa hivi, uende kliniki, na ukifika mlangoni waambie mkojo umeziba." Mazungumzo yote hayakufika dakika mbili.

Daktari wa kliniki hakuhitaji maelezo yangu marefu. Alishika tumbo, akatazama fizi, akampima joto, akamwita msaidizi wake. Joto la paka mzima huwa kati ya nyuzi 38 na 39 na kidogo. La Doa lilikuwa limeshuka chini ya 37. Moyo wa paka aliyeletwa kliniki akiwa na hofu hupiga mara 140 hadi 220 kwa dakika, lakini wa Doa ulikuwa haufiki 100. Alinieleza sababu huku mikono yake ikiendelea na kazi. Mkojo usipotoka, figo hushindwa kuondoa taka mwilini, na madini ya potasiamu hujikusanya katika damu mpaka yanauchelewesha moyo na hatimaye kuusimamisha. Ndiyo maana kabla hata ya kugusa njia ya mkojo alimwekea dripu, akampa na sindano ya kalisi ya kuukinga moyo. Baada ya hapo ndipo alipomlaza kwa dawa ya usingizi, akapitisha mpira wa mkojo, akasukuma kizuizi kwa maji ya chumvi. Mkojo uliotoka ulikuwa mwekundu wa kukolea. Niliruhusiwa kusimama karibu, nikaona ule mfuko ukijaa, na sikuweza kuzuia machozi.

Nilimuuliza swali moja tu, kama kuna njia yoyote ambayo mtu angeweza kulitambua jambo hili kwa simu usiku uliotangulia. Alinijibu kwamba paka dume anayekazana sandukuni bila kutoa kitu huhesabiwa kuwa ameziba mkojo mpaka daktari aguse kibofu na kuthibitisha vinginevyo, na kwamba hilo ni miongoni mwa mambo ya mwanzo kabisa ambayo mtu wa kazi hii hufundishwa. Njia ya mkojo ya dume ni ndefu na nyembamba, na huzidi kuwa nyembamba mwishoni; fuwele ndogo kama chembe za mchanga zikichanganyika na ute hutosha kuiziba. Ya jike ni fupi na pana, kwa hiyo jike huziba kwa nadra sana. Dume aliyeziba kabisa anaweza kufa ndani ya siku moja hadi tatu. Haja kubwa inaweza kusubiri siku mbili bila maafa. Haja ndogo haisubiri.

Hapa nataka nitende haki, kwa sababu mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Huduma hiihii iliwahi kuniokoa. Miezi kadhaa kabla ya tukio hili, viroboto walikuwa wamewajaa wanyama wangu wote wawili, na nilikuwa nimeshafungua dawa ya matone ya mbwa ili nimpake na paka kiasi kidogo. Nilipiga simu kuuliza kipimo tu. Aliyepokea aliniuliza nisome jina la dawa kwenye pakiti, na aliposikia neno pemetrini akaniambia niirudishe chini mara moja, kwa kuwa ini la paka haliwezi kuivunja kama la mbwa, na paka aliyepakwa huanza kutetemeka, kisha kifafa, na wengine hufa. Siku hiyohiyo alinionya pia kuhusu parasetamoli, kwamba kidonge kimoja cha binadamu kinatosha kumuua paka. Sikuwa nimeuliza habari ya parasetamoli. Aliiongeza kwa hiari yake, kwa kuwa anajua watu hufanya nini paka anapoonekana ana maumivu. Huo ndio ushauri ninaouita ushauri, nami nilikuwa nawasimulia rafiki zangu.

Kwa hiyo nilipotulia, Doa akiwa bado kliniki na mpira wake wa mkojo, shingoni amevikwa kola ya plastiki pana kama faneli, nilijiambia kwamba huenda namwonea yule wa usiku. Huenda alikuwa amechoka, huenda alikuwa ameshapokea simu nyingi, na ni kweli kwamba mtu wa kwenye simu haoni wala hagusi. Nilituma malalamiko yangu kwa maandishi, kwa lugha ya heshima, nikaomba mambo mawili tu: wamweleze yule mhudumu yaliyotokea, na waweke utaratibu wa kuuliza jinsia ya paka kila anapotajwa kuwa na shida ya haja. Nilikuwa tayari kusamehe. Nilikuwa hata nimeshafikiria kuwatetea.

Jibu lilikuja baada ya siku kadhaa. "Ndugu mteja, kumbukumbu zetu zinaonyesha kwamba ulieleza kuwa paka hapati choo. Ushauri ulitolewa kwa kuzingatia maelezo yako." Hakukuwa na pole. Hawakuuliza hata kama paka yu hai.

Naomba wasomaji wanivumilie nilikalie neno hilo moja. Katika Kiswahili chetu, choo ni chumba, choo ni kinyesi, na kwenda choo ni kwenda haja yoyote ile. Tunasema choo kidogo na choo kikubwa kwa sababu neno peke yake halitoshi, na hata mzazi mtoto akimwambia "nataka choo" humuuliza kipi. Mtu anayelipwa kusikiliza watu wanaoongea Kiswahili, wengi wao wakiwa na hofu na wakiongea usiku, anajua au anapaswa kujua kwamba neno hilo lina mlango zaidi ya mmoja. Mimi si daktari. Nilieleza nilichokiona kwa neno ambalo watu wote hulitumia. Kazi ya kuuliza "kipi?" ilikuwa yake, na ile sauti ya asubuhi ilithibitisha kwamba swali hilo huchukua sekunde tatu. Kuniambia kwamba kosa ni la maelezo yangu ni kumbebesha mgonjwa mzigo wa kujipima mwenyewe.

Na kuna jambo jingine ambalo linazidi kunikasirisha kadiri ninavyoandika. Ule mkazo wa "wagonjwa mahututi" ulinifanya nione aibu. Nilikaa macho usiku kucha nikimwangalia mnyama akiteseka, na mara mbili nilishika simu nipige tena, nikaiweka chini, kwa sababu nilishaambiwa kwamba nawachukulia wengine nafasi. Angenipa ushauri usio sahihi kwa upole, ningepiga tena saa saba usiku, na pengine ningempata mwingine aliye makini. Ukali wake ndio uliofunga mlango huo.

Doa alikaa na mpira wa mkojo siku mbili, akaangaliwa siku nyingine mbili, kisha akarudi nyumbani. Sasa anakula chakula chenye majimaji badala ya kile kikavu, maji yake yako sehemu tatu tofauti za nyumba, na nimehamisha sanduku lake kutoka kwenye njia ya watu, kwa kuwa daktari alisema msongo nao huchangia uvimbe wa kibofu na kwamba paka aliyewahi kuziba anaweza kuziba tena. Usiku nikisikia mchanga unachakurwa huamka, nawasha taa, nasubiri atoke, kisha nachimbua kutazama ukubwa wa bonge la mchanga ulioganda kwa mkojo. Jana lilikuwa kubwa kama ngumi ya mtoto, nikarudi kulala.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuwapa nyota tatu kati ya tano, kwa ajili ya ile siku ya viroboto. Nilipofika kwenye jibu lao nikazifuta zote. Nimezunguka nazo kichwani tangu mchana, na sasa narudisha moja, nayo si ya kampuni. Ni ya yule mama wa asubuhi, ambaye jina lake sikupewa hata nilipoliomba. Usajili wangu bado haujaisha muda, na namba yao sijaifuta. Lakini kama una paka dume na unaona anachutama bila kutoa kitu, usiwapigie. Nenda kliniki. Na kama ni lazima upige, sema mkojo. Usiseme choo.