Adobe Digital Editions: pesa umetoa, ufunguo si wako

Kitabu cha kielektroniki chenye kufuli la Adobe (la kuzuia kunakiliwa) hukipakui moja kwa moja. Unapata faili ndogo ya .acsm, tiketi tu. Adobe Digital Editions, programu ya kusomea vitabu hivi, ndiyo huipeleka kwenye seva na kurudi na EPUB au PDF, yaani kitabu chenyewe, iliyofungwa kwa akaunti yako. Hapo ndipo watu huumia: ukiifungua saiba ya Moi Avenue kwenye kompyuta iliyoidhinishwa kwa akaunti ya mwingine, kitabu ni chake. Ukifika nyumbani unaambiwa kimeshachukuliwa na mtumiaji mwingine, na itabidi umwombe muuzaji tiketi mpya. Kwa hiyo, kwenye kompyuta yako, fungua programu, bonyeza Ctrl+Shift+U, weka akaunti yako, ndipo uguse faili. Programu ni ya bure (na inaonekana hivyo). Mwenye Kindle, kile kisomeo cha Amazon, asijisumbue, hakifungui vitabu hivi.