Miaka mitatu juu ya sakafu ya mbao huku Kano: uzoefu wangu

Nyumba yangu ya kwanza, hapa Rabuor kwenye barabara ya Kisumu kwenda Ahero, ilikuwa ya mawe juu ya slabu ya zege. Mwaka wa pili ufa ukatokea sebuleni, mwembamba kama uzi. Kufikia mwaka wa nne ulikuwa umepasua vigae na kupanda ukutani, na mlango wa chumba cha kulala haukufungika tena. Tukaziba, tukapaka rangi, ukarudi. Aliyeishi Kano anaujua udongo wetu mweusi: ukinyeshewa unavimba, kiangazi unanywea na kuacha mipasuko ambayo mguu wa mtoto unaweza kutumbukia. Slabu iliyolala juu yake huinuliwa pembe hii na kuachwa pembe ile. Dawa ya kawaida ni kuuchimba udongo wote na kujaza mawe na maramu, lori baada ya lori. Kwa mshahara wa mwalimu, gharama hiyo sikuiweza mara ya pili.

Nyumba ya pili nikaagiza ya sakafu ya mbao iliyoinuliwa, kutoka karakana moja mjini Kisumu. Tuliingia Februari 2022. Mama mkwe alipoiona mara ya kwanza aliizunguka kimya, kisha akasema, "Mwanangu, umenijengea dero." Aliisifu. Dero, ghala letu la nafaka, tangu zamani huinuliwa juu ya mawe au miti ili unyevu na panya visifike kwenye mtama. Wazee walilijua jambo hili kabla ya saruji kufika.

Inasimama juu ya nguzo 20 za zege. Kila shimo lilichimbwa kupita udongo mweusi mpaka kwenye tabaka gumu; kwangu ilikuwa mita moja na nusu hivi, kwa jirani huenda ikawa zaidi. Juu ya nguzo kuna mihimili ya mkaratusi uliotiwa dawa, juu ya mihimili boriti za saiprasi kila sentimita 40, halafu mbao za sakafu zilizokatwa ulimi na mfereji ili zishikane. Kutoka ardhini hadi kwenye boriti ni sentimita 80. Fundi alitaka 50, akaniambia hata kule Marekani, ambako nyumba za namna hii ni nyingi majimbo ya kusini kama Louisiana, kanuni za ujenzi zinaridhika na inchi 18 chini ya boriti. Nikakataa. Nilitaka niweze kuingia mwenyewe bila kutambaa kwa tumbo.

Na hilo ndilo lililonifanya niipende nyumba hii kuliko yote: chini yake naona. Kwenye slabu, bomba likivuja unajua siku vigae vinapoanza kutoa unyevu, na hapo ni kupasua sakafu. Mwaka jana kiungo cha bomba la jikoni kililegea. Niliona tone likidondoka, fundi bomba akaingia chini na spana, na chai haikuwa imepoa alipotoka.

Mchwa vilevile. Watu huniuliza kuhusu mchwa kabla ya kuuliza bei, na wana haki. Kati ya kila nguzo na mhimili wake kumewekwa bati lililokunjwa kingo kuelekea chini, kama kofia. Bati hilo halimuui mchwa, wala halimzuii kabisa. Linamlazimisha kujenga njia yake ya udongo kuzunguka kingo, mahali peupe, ukamwona. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi nashika tochi, napita nguzo moja moja. Mara mbili nimekuta njia hizo. Nilizivunja, nikatia dawa, zikaisha. Usipokuwa tayari kwa kazi hiyo ya kila mwezi, sakafu ya mbao huku kwetu usiijenge.

Masika ya 2024, mto Nyando ulipofurika, maji yaliingia uani usiku yakafika magotini. Yalipita chini ya nyumba, upande huu yakaingia, upande ule yakatoka, kwa sababu sikukubali nafasi ya chini izungushiwe ukuta. Magodoro yalibaki makavu, vitabu vya wanafunzi pia. Lakini niseme ukweli wote: choo cha shimo kilijaa, na siku ya tatu tulilazimika kuhamia kwa shemeji yangu, mjini. Nyumba ilipona, ua haukupona. Maji yalipopungua tulikokota tope lote kutoka chini na kuacha upepo ufanye kazi yake kwa wiki kadhaa. Boriti hazikuoza.

Upepo huo huo ndio raha ya kila siku. Joto la Kisumu mnalijua. Hapa jioni sakafu inapoa mapema, na watoto wanalala chini kwa mkeka bila kuugua kifua.

Sasa lililonikera. Karakana ilileta saiprasi mbichi. Niliuliza, nikajibiwa, "Mwalimu, mbao hizi zimekauka." Hazikuwa zimekauka. Kufikia Januari iliyofuata mianya kati ya mbao ilimeza sarafu ya shilingi kumi. Niliwapigia simu miezi miwili ndipo wakaja, wakang'oa, wakazisogeza na kuongeza mbao mbili. Kazi ya marekebisho waliifanya vizuri na hawakunitoza, ila isingehitajika kamwe. Ukinunua, dai zipimwe unyevu kwa kipimo mbele yako, ziwe karibu asilimia 12, na zikae wiki mbili ndani ya nyumba iliyoezekwa kabla ya kupigiliwa.

Kelele pia. Mwaka wa kwanza mtoto akikimbia, vikombe vililia kabatini. Boriti zilikuwa zimeachwa ndefu bila vipande vya kukingamana katikati. Vilipowekwa mtikisiko ukaisha, mlio wa hatua ukabaki. Nimeuzoea.

Karakana naipa nyota tatu kwa tano, kwa sababu ya zile mbao mbichi na simu zisizojibiwa. Sakafu yenyewe naipa zote tano.

Kuna ngazi tano za kupanda hadi barazani. Nilipojenga sikuzifikiria, na mwaka huu mama mkwe ameanza kuzipanda akishika ukuta. Wiki ijayo fundi anakuja kupima njia ya mteremko upande wa jikoni, yenye mkono wa kushikia pande zote mbili. Mbao zake nimezianika tangu Mei.