Deep Bronze Green kwa Land Rover ya Series: NC, enameli au 2K?

Wenye Land Rover za Series II na IIA, zile za 1958 hadi 1971, wakishamaliza injini na chasisi hufika kwenye swali la rangi: gari lirudi kijani cha kiwandani, Deep Bronze Green, au libaki lilivyo? Jibu lianze kwenye bati, kabla hujaenda dukani. Kama rangi ya kiwandani bado imeshika sehemu kubwa ya bodi, hata ikiwa imepauka na ina mikwaruzo, usipake upya. Ioshe, isugue kwa mkono na kompaundi laini ukikwepa kingo na vichwa vya riveti, kisha ipake nta. Rangi ya kwanza ikishasagwa imekwenda, na hakuna kopo litakaloirudisha. Kama imefunikwa na mikono (tabaka) mitatu minne ya brashi inayobabuka, hapo kurudisha rangi ya asili ni kazi yenye maana, na tathmini hii ni ya rangi utakazopewa kuchagua: NC (rangi ya nitroselulosi), enameli na 2K (rangi inayochanganywa na hadna, yaani kigumishi).

Kwanza hakikisha rangi ya asili ni ipi. Kibao cha namba ya chasisi hakiitaji. Fungua vifuniko vya kisanduku cha viti, tazama nyuma ya dashibodi, fungua ukanda mmoja wa chuma kilichopakwa zinki ulioko kwenye ukingo wa bodi ya nyuma na uangalie chini yake. Halafu chagua mahali pasipoonekana, sugua duara la ukubwa wa sarafu kwa msasa wa maji namba 400, malizia na 800. Tabaka zitajipanga kama pete za kitunguu, na ile iliyo karibu kabisa na praima ndiyo ya kiwandani. Sugua kwa maji, si kikavu, kwa sababu rangi za miaka hiyo huwa na risasi na vumbi lake ni sumu.

Kwa gari lililotoka Uingereza likiwa kamili, jumba la makumbusho la magari la Gaydon hutoa cheti kinachotaja rangi na nchi lilikopelekwa. Series III zilizounganishwa Thika ni habari nyingine: hizo zisome kwenye bati lenyewe.

Ikithibitika ni Deep Bronze Green, mwambie mchanganya rangi namba 224 ya BS 381C, orodha ya rangi ya viwango vya Uingereza. Usikubali akulinganishie na mlango uliopigwa jua miaka hamsini, maana mashine ya kusoma rangi itasoma upaukaji na kukuandalia kijani chenye uvumbi. Sehemu nzuri ya kusomea ni ile ya chini ya ukanda, baada ya kuing'arisha. Omba robo lita kwanza, pulizia kibati cha alumini, kitoe nje saa sita mchana, kisha kiangalie tena kivulini. Kijani hiki kivulini hukaribia weusi, juani huonyesha unjano kidogo. Kikionyesha ubuluu juani, mchanganyiko umekosewa.

Sasa rangi zenyewe. NC, ambayo mafundi wengi huiita duko, ina sifa moja kubwa: hukauka kwa dakika na kosa husahihishwa siku ile ile. Mng'ao wake pia ni wa zamani, mpole. Lakini inataka mikono mingi, sita hata minane, na baada ya hapo isuguliwe yote. Mwambao, msimu wa masika, thina inapovukiza hupoza uso wa bati, unyevu wa hewa unaganda juu yake na rangi inatoka na ukungu mweupe. Thina ya polepole hupunguza tatizo bila kulimaliza. Petroli ikimwagika kwenye mdomo wa tangi, NC hulainika. Kwa gari la kazi hatuipendekezi.

Enameli ya magari ndiyo ya bei nafuu, na inapakika kwa brashi au rola ya sponji. Mkono mzuri na uso uliosuguliwa kati ya mkono na mkono hutoa kazi ya kuheshimika, tena inayofanana na gari la shamba kuliko watu wanavyodhani. Udhaifu wake ni muda. Hushikika kesho yake, lakini hubaki laini wiki kadhaa, na ukifunga mlango mapema mpira wake unang'ang'ania na kung'oa rangi. Na kuna mtego wa baadaye: atakayekuja kupulizia NC au 2K juu yake ataona rangi ikikunjamana. Kabla ya kununua chochote, lowesha kitambaa kwa thina ya NC na ukibandike dakika moja juu ya rangi iliyopo. Ikiyeyuka na kuchafua kitambaa, ni NC. Ikikunjamana, ni enameli na lazima iondolewe. Isipotikisika, ni 2K.

Tunayoichagua sisi ni 2K ya mng'ao wa moja kwa moja, bila klia (tabaka angavu lisilo na rangi) juu. Fundi akikushawishi kuweka klia, kataa. Kijani hiki hakina chembe za metali, hivyo klia haikiongezei kitu zaidi ya mng'ao wa kioo ambao gari hili halikuwahi kuwa nao, na ikianza kubanduka huna njia ya kuziba kipande. 2K ya moja kwa moja inasuguliwa, inapigwa polishi, na haiogopi petroli wala dizeli.

Kwa 88 (gari fupi, inchi 88 kati ya ekseli), lita 4 za kijani kabla ya kuchanganya zinatosha mikono mitatu ya nje. Kwa 109 ya abiria, ile ndefu, hesabu 5 au 6. Limestone, rangi nyeupe iliyofifia ya paa na rimu tano, ni lita moja na nusu. Usipake paa kijani eti gari lipendeze: rangi hii hunyonya jua, na ndani patakuwa hapakaliki. Uwiano wa kawaida ni rangi 2 kwa hadna 1 na thina asilimia 10, ila fuata karatasi ya kopo ulilonunua, na usichanganye hadna ya kampuni moja na rangi ya nyingine. Penye joto la nyuzi 30 na zaidi chukua hadna na thina za polepole. Za haraka hukaukia hewani kabla ya kutua, na uso unabaki na vibonde. Changanya kiasi cha kumaliza ndani ya nusu saa. Ncha ya bunduki ya kupulizia iwe milimita 1.3 au 1.4. Mkono wa kwanza uwe mwepesi, subiri dakika 10 hadi 15, kisha miwili iliyojaa.

Kasoro ya kweli ya 2K ni hadna yake. Ina isosayaneti, kemikali inayoweza kukupa pumu ya maisha, na pua haikuonyi kwa harufu. Barakoa ya kitambaa haizuii kitu, na ya vichujio haitoshi kwa kazi ya gari zima. Kinachotakiwa ni barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba, glavu na ovaroli. Gereji isiyokuwa nayo isipulizie 2K. Hapo enameli kwa brashi ni chaguo bora, na tunalisema hilo bila kusita.

Kinachoharibu kazi nyingi, hata hivyo, hakimo ndani ya kopo la rangi. Bodi ya Land Rover ni Birmabright, alumini yenye magnesiamu, iliyochaguliwa 1948 kwa kuwa chuma Uingereza kilikuwa cha mgao baada ya vita. Chasisi, ukuta wa injini na fremu za milango ni chuma. Fundi aliyezoea Corolla ataishughulikia kama chuma, na baada ya misimu miwili rangi itainuka malengelenge. Brashi ya nyaya za chuma huacha chembe ndani ya alumini, na kila chembe ni mwanzo wa ulikaji. Dawa ya kubandua yenye kostiki huitafuna alumini yenyewe. Kupiga mchanga hupinda paneli. Tumia dawa isiyo na kostiki, kikwangua cha plastiki, kisha msasa 180 hadi 240. Safisha kwa dawa ya kuondoa grisi kwa vitambaa viwili, kimoja cha kulowesha na kimoja cha kufutia, na uweke praima siku hiyo hiyo, kwa sababu oksaidi hujijenga upya mara moja.

Praima za alumini ni mbili. Ya asidi hushika vizuri sana, lakini puti ya poliesta haitakiwi kukaa juu yake, kwani asidi huivuruga isigande sawasawa. Epoksi inakubali puti juu. Kwa kuwa hakuna bodi ya umri huu isiyo na mabonde, epoksi ndiyo inayorahisisha kazi: epoksi, puti panapohitajika, praima nzito mikono miwili, msasa 400 mkavu au 800 wa maji, kisha rangi. Ile mikanda ya zinki iache bila rangi, kama ilivyotoka kiwandani.

Alumini na chuma vikigusana penye unyevu, alumini huliwa. Tazama chini ya milango, utakuta unga mweupe. Kwa magari ya Mombasa, Tanga na Unguja, chumvi huharakisha jambo hili mno. Ngozi ya mlango iliyotoboka hapo haiponi kwa puti. Kata, weka bati jipya, na kila kiungo cha metali mbili kipate paste ya kuzitenganisha pamoja na washa za nailoni. Gereji itakayokupa bei bila kutaja kuondoa milango na kufungua viungo hivi inakuuzia rangi ya juu juu.

Kama kijani ni badiliko la rangi kisheria, angalia karatasi: rangi imeandikwa kwenye logbook Kenya na kwenye kadi ya gari Tanzania, na marekebisho hufanywa NTSA au TRA.

Nta usiipake kabla ya mwezi kupita. Bakiza nusu lita ya rangi isiyotiwa hadna, kopo limefungwa vizuri na fomula ya mchanganyo imebandikwa juu. Hadna usiiwekee akiba: ikishafunguliwa hunyonya unyevu na kuharibika, kwa hiyo kwa marekebisho ya baadaye nunua mpya.